Msifike siku ya harusi: jibu kwa dada wa Likoni anayeleta ukoo Tanga

Dada mmoja wa Likoni, Mombasa, ameniandikia. Nimefupisha kidogo maneno yake:

"Kaka yetu anaoa Tanga. Akdi ya ndoa ni Jumamosi baada ya sala ya alasiri, msikiti wa mtaani kwa bibi harusi, Ngamiani. Jumapili jioni kuna karamu ya walima kando ya bahari, Raskazone. Tuko watu 16, Noah mbili na gari dogo moja. Mama yetu ana miaka 74 na ana sukari. Watoto ni watano, mdogo kabisa ana miezi minane. Isipokuwa bwana harusi, hakuna aliyewahi kuvuka mpaka wa Horohoro. Wajomba wanasema tuondoke Jumamosi alfajiri ili tusilipe malazi ya siku nyingi. Tufike lini, tupite vipi, na tukishafika tuanzie wapi?"

Dada yangu, kwanza pokeeni hongera. Tanga na Mombasa zimeoana tangu kabla mpaka haujachorwa, na hapa Ngamiani nyumba nyingi zina shangazi Likoni au Vanga. Mnakuja kwenu.

Swali la kwanza jibu lake ni fupi. Fikeni Alhamisi adhuhuri. Mkishindwa, Ijumaa asubuhi. Jumamosi hapana. Mji wetu una msemo wake unaojulikana, "waja leo waondoka leo", na kwa mtu aliyekuja kununua mzigo unafaa. Kwa watu wa bwana harusi haufai hata kidogo.

Nasema hivi kwa sababu nina kumbukumbu inayoniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa kupokea msafara wa upande wa mume, watu wa ng'ambo ya mpaka kama ninyi, waliopanga kuvuka asubuhi na akdi ifungwe jioni ile ile. Watatu kati yao hawakuwa na kadi za chanjo, na mmoja wa hao watatu alikuwa baba yake bwana harusi. Wenzake hawakutaka kumwacha mzee, wakabaki mpakani wanahangaika. Bwana harusi alikuwa ameshatangulia. Wanaume walikaa msikitini tangu alasiri, magharibi ikakaribia, walii wa binti akaona haya kwa watu waliomsubiri, akdi ikafungwa. Mzee aliingia Tanga usiku, tumeshaanza kuosha masufuria. Hakusema neno. Aliketi barazani na kanzu yake mpya bado imekunjwa mfukoni. Tangu siku hiyo, anayeniuliza tarehe ya kufika namwambia siku mbili kabla, na sibadilishi.

Wajomba wapigiwe hesabu hivi: vyumba vya siku mbili kwa watu 16, wengine mkilazwa majumbani kwa wenyeji, ni gharama mnayoweza kuichanga kuanzia leo. Akdi iliyowapita hairudiwi kwa mchango. Isitoshe, Ijumaa usiku wanawake wa bibi harusi wako kwenye hina, na wifi asiyeonekana usiku ule huulizwa habari zake kwa miaka.

Sasa makaratasi, maana mpakani ndipo panapoharibika. Kitambulisho cha taifa cha Kenya kinawavusha kwenda Uganda na Rwanda, lakini kuja kwetu hakiwavushi. Wengi hulijua hili wakiwa wameshafika dirishani. Kila mmoja wenu, hata huyo wa miezi minane, awe na pasipoti yake, au ile hati ya muda ya kusafiria Afrika Mashariki ambayo kwenu huombwa kwa tovuti ya serikali, eCitizen. Viza hamhitaji. Watoto wabebewe na vyeti vya kuzaliwa, na mtoto ambaye mzazi wake mmoja habanduki Mombasa aje na barua ya ridhaa ya mzazi huyo, yenye saini na nambari ya simu. Afisa wa uhamiaji akiona mtoto yuko na shangazi, lazima aulize, na ni vyema aulize.

Halafu chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo mnaotoka huko mnadaiwa kadi kuanzia umri wa mwaka mmoja. Mtoto wenu mchanga wa miezi minane hadaiwi. Sikilizeni vizuri jambo la siku: kadi huanza kuhesabiwa siku kumi baada ya sindano. Mtu akichanjwa Jumatatu ya wiki ya harusi, Alhamisi kadi yake bado haijawa halali, hata kama wino umeshakauka. Chanjweni wiki tatu kabla, ili mwenye homa au safari apate nafasi ya kuahirisha siku yake.

Kwa mama, msikimbilie sindano. Mtu wa miaka 60 kwenda juu anayechanjwa kwa mara ya kwanza, yale madhara makali ambayo ni nadra huwa na uwezekano zaidi wa kumpata, na mama ana sukari juu yake. Mpelekeni kwa daktari kwanza. Daktari akiona haifai, ataandika cheti cha kumsamehe chanjo, na hicho ndicho kitakachooneshwa mpakani. Lakini kabla ya hayo yote, fungueni kabati la mama. Je, amewahi kwenda Hija au Umra? Saudia nayo huwadai Wakenya kadi hiyo. Kama aliwahi kuchanjwa, hata iwe zamani na kadi imeandikwa miaka kumi, ingali halali: tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa za afya zinaitambua chanjo moja kwa maisha yote. Nimeshaona bibi wawili wakiokolewa na kadi ya Hija iliyokuwa ndani ya msahafu.

Mtasikia pia "kadi ya njano" ya pili, msizichanganye. Ya kwanza ni ya mwili. Ya pili ni bima ya gari, ile ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, inayolifanya gari la Kenya litambulike kwa bima huku. Iombeni kwa kampuni yenu ya bima kabla ya safari, kila gari na yake. Kadi halisi ya umiliki wa gari iwemo, na kama Noah ni ya kuazima au ya kukodi, barua ya mwenyewe inayomtaja dereva. Gari la kigeni hulipiwa kibali mpakani na kibali kina tarehe ya mwisho. Wekeni humo pia pembetatu mbili za kuakisi mwanga na kizimamoto, kwa sababu askari wetu wa barabarani huvitaka.

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Mama asipandishwe kivukoni kusukumana na umati kama mnaweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Nyinyi wa Likoni hata hilo halimo, mko upande wa kusini tayari, ila wale wanaotoka kisiwani wawafuate kwa njia hiyo mkutane Ukunda. Saa tatu mko Lunga Lunga. Vukeni hadi Horohoro, ambako maofisa wa nchi mbili wamewekwa jengo moja, kwa hiyo mnagongewa kutoka na kuingia bila kupanga foleni majengo mawili. Hata hivyo watu 16 na magari matatu ni kazi. Chagueni mtu mmoja, mtulivu, asiye dereva, ashike pasipoti zote zikiwa zimepangwa kwa familia, kila pasipoti na kadi yake ya chanjo ndani. Yeye ndiye atakayesema na dirisha. Wengine wakae. Nawaombeni, wanaume wanne wasimsemeshe afisa mmoja kwa pamoja.

Zawadi za bibi harusi, masanduku, vitambaa, dhahabu, vyombo, ziandikiwe orodha na stakabadhi zake ziwe pamoja. Mwambieni mtu wa forodha wenyewe, kabla hajauliza: hizi ni za harusi, orodha hii hapa. Kilichofichwa chini ya mikeka ndicho kinachowaweka watu saa mbili za ziada. Mifuko ya plastiki mnajua wenyewe kwenu ilipigwa marufuku 2017. Kwetu ni tangu Juni 2019.

Pesa badilisheni benki au kwa duka lenye leseni, si kwa kijana aliyesimama dirishani kwa gari. Dukani na hotelini huku malipo ni kwa shilingi za Tanzania, na tangu 2025 ni kanuni ya serikali. Ombeni nyingi ziwe noti za elfu moja na elfu mbili. Sababu nitaieleza.

Kutoka Horohoro hadi Tanga ni lami, kilomita zipatazo 65. Mwende pole. Kwenye vijiji mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na wapo askari wenye kamera za mwendo. Msafara wa harusi uliosimamishwa mara tatu hufika umenuna.

Na sasa nafika kwenye jambo ninalolijali kuliko yote, maana hata watu wenye makaratasi kamili hulikosea. Msiingie mjini moja kwa moja. Simameni Amboni, kilomita chache kabla ya Tanga. Watoto wanawishwe nyuso, wanaume wavae kanzu au shati safi, wanawake mabuibui yapigwe vumbi, mama apimwe sukari na ale kitu kidogo. Kisha mpigie simu mwenyeji wenu, mshenga au ndugu yeyote wa kike aliyepewa kazi ya kuwapokea, mumwambie: tuko Amboni. Nusu saa inatosha. Ile nusu saa ndiyo inayowapa wanawake wa nyumba ile nafasi ya kutia makaa kwenye chetezo.

Halafu msiende hotelini. Nendeni kwanza nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi, au nyumba waliyoitaja wao, mchana ule ule, magari yote matatu pamoja. Najua mmechoka na mtoto analia. Lakini watu wa mume wanaokwenda kuoga na kulala kwanza, kisha wakatokea kesho yake, wamemwambia mwenye nyumba kuwa yeye ni wa pili. Mkisimama pale mlangoni na vumbi la safari, mmemwambia mengine kabisa. Mtapigiwa vigelegele, mtanyunyiziwa marashi kwa mrashi, mtafukizwa udi, mtapewa madafu. Ajitangulize mama, si wajomba. Mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi washikane mikono kabla ya maneno mengine yoyote. Nimeona ndoa ambazo mambo ya mahari yaliyokuwa yamekwaruzana yakalainika pale pale mlangoni, kwa sababu wakina mama wawili walikumbatiana na kulia. Kaeni saa moja. Kunyweni kahawa, kuleni haluwa, ulizieni ratiba ya siku tatu zijazo, kisha muage muende kupumzika. Mkibakizwa kula, kuleni.

Malazi: mama alale Raskazone, kuna utulivu na upepo, chumba cha chini kisicho na ngazi. Wifi wawili watatu wa bibi harusi walale Ngamiani karibu na shughuli, maana kwa mguu watafika kwenye singo na hina bila kutafuta bajaji, ndiyo hiyo mnayoiita tuktuk, usiku wa manane. Dawa za mama ziwe kwenye mkoba wa mkononi mwa mtu mmoja, na kama anatumia insulini itafutiwe jokofu mapema. Pilau ya harusi huliwa inapoiva, si saa ya dawa. Awe na chakula chake kidogo, na muombe kiti, asikalishwe mkekani. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo, iko ukingoni mwa bahari, kati ya mji na Raskazone, dereva yeyote anaijua.

Zile noti ndogo. Upande wa mume una ada zake na hazifanani nyumba hadi nyumba: kilemba, mkaja, kiosha miguu, kifungua mlango, kipa mkono. Nyingine zimeshaingizwa kwenye mahari, nyingine bado hudaiwa mlangoni na mabinti wanaocheka huku wamezuia njia. Alhamisi ile ile, mmoja wa shangazi zako amuulize mshenga kwa upole ni zipi na kiasi gani, azitie kwenye bahasha, kila bahasha na jina lake. Bwana harusi anayeanza kukopa kwa rafiki mbele ya mlango wa chumba anawaaibisha watu wake, na kosa si lake, ni la waliomsindikiza. Noti za elfu elfu ni za kutuza. Tanga ni mji wa taarabu, mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, na hata pakipigwa santuri tu wanawake huinuka kutuza. Wifi aliyekaa na noti moja kubwa mkobani hana la kufanya.

Kanga mtakazoleta, ninyi mnaziita leso, zisomeni majina yake moja moja. Hapa jina la kanga ni barua. Nimeona wifi kwa nia njema kabisa akimpelekea mama mkwe wa kaka yake doti iliyoandikwa "Nilijua mtasema", kwa kuwa rangi yake ilimpendeza. Ile doti ilizungumzwa kuliko bibi harusi. Chukueni yenye dua, au kisutu, kanga ya jadi ya harusi, ambacho hakina ugomvi na mtu.

Watoto wafundishwe mambo mawili tu. La kwanza shikamoo, kwa kila mkubwa, hata muuza maji. Kwenu mtoto akisema salamu alaikum imetosha; kwetu asipoongeza shikamoo, anaonekana hakufunzwa, na lawama zinamwendea mama yake. La pili ni "naomba". Dukani na mezani hatusemi nipe soda. Tunasema naomba soda. Wakubwa nao wajizoeze.

Walima wa ufukweni unataka macho kwenye mwezi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari yetu iko bamvua, na maji hujaa alfajiri na tena jioni, kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Kama Jumapili yenu itaangukia hapo, mchanga mnaoutaka kwa picha utakuwa chini ya maji saa ile ile ya picha. Pigeni picha za ukoo saa nne asubuhi maji yakiwa yamekupwa, au muwaombe wapambaji waweke viti juu kwenye nyasi. Ikiwa ni siku za maji mafu, yaani kati ya mwandamo na mpevu, bahari haiji mbali wala haiendi mbali, na jioni mtakuta mchanga upo. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika hamsini, kwa hiyo msiangalie bahari ya Alhamisi mkadhani ndiyo ya Jumapili. Na msimwambie mpiga picha awatafutie jua likizama baharini. Kwenye pwani hii jua huchomoza baharini, likazama bara.

Viatu vya visigino virefu viacheni hotelini. Baibui jepesi lishonewe vifungo, upepo wa Raskazone jioni hauna adabu. Watoto wakiingia majini wavae ndala na awepo mtu mzima aliyeambiwa kwa jina kuwa yeye ndiye anayewaangalia, kwa sababu kwenye walima kila mtu hudhani mwingine anaangalia.

Jumatatu, mkiwa na nguvu, mapango ya Amboni yako njiani mwenu kurudi. Mama asiingie, ndani ni giza na kuna mahali pa kuinama. Akae nje chini ya miti na kahawa.

Limebaki moja ambalo hukuuliza. Bibi harusi anarudi nanyi Mombasa? Kama anarudi, naye anavuka mpaka. Nimeshuhudia harusi nzuri, magari yamepambwa, watu wamekwisha kuaga, ndipo mtu akauliza pasipoti ya binti iko wapi, na ilikuwa haijaombwa hata kuombwa. Aliachwa kwao majuma kadhaa na hina bado iko mikononi. Mpigie kaka yako leo, kabla hujawapigia wajomba, umuulize pasipoti ya mkewe mtarajiwa ipo, na inaisha lini.